Barua ya Ijumaa inatosha, programu bado: tathmini ya taarifa za machipuko katika shule ya kati, Kentucky

Shule ya kati, yaani ya gredi ya sita hadi ya nane, wanakosoma wanangu wawili, mmoja gredi ya saba na mwingine gredi ya nane, iko katika mji mmoja wa jimbo la Kentucky nchini Marekani, mji uliopokea familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, nyingi zikiwa zimetoka mashariki mwa Kongo na kupitia kambi za Tanzania, Kenya, Uganda na Burundi. Shule hiyo huwapelekea wazazi taarifa za darasani na za ratiba kwa njia nne: barua ya kila Ijumaa, programu ya simu, simu za sauti iliyorekodiwa, na kikao cha mzazi na walimu chenye mkalimani. Mzazi halipi chochote kwa huduma hii, lakini akikosa taarifa moja gharama yake anaiona mwenyewe, kwa kuwa mtoto atasimama kituoni akisubiri basi ambalo halitakuja, au atabaki shuleni wakati wenzake wamekwenda ziara. Kwa hiyo naona ni haki kuipima kama tunavyopima hoteli au fundi, na nimechagua kuipima katika majira ya machipuko, kuanzia Machi hadi shule inapofungwa, kwa sababu hapo ndipo ratiba hubadilika kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Kwa mzazi aliyezoea mwaka wa shule wa Tanzania, unaoanza Januari na kuisha Desemba, kalenda ya hapa inahitaji kuzoeleka. Shule hufunguliwa Agosti na kufungwa mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, kwa hiyo Aprili na Mei za hapa zina pilikapilika zile zile za Oktoba na Novemba za kwetu: mitihani, madaftari ya kukamilishwa, vitabu na kompyuta za kurudishwa, na mahafali ya wanaohama ngazi. Katikati yake kuna likizo ya machipuko ya takriban wiki moja, ambayo tarehe zake hutofautiana kutoka wilaya moja ya shule hadi nyingine, kiasi kwamba binamu wawili wanaoishi miji jirani wanaweza wasikutane likizoni hata siku moja.

Jambo linalofanya taarifa za machipuko ziwe na uzito wa pekee Kentucky ni jinsi sheria za jimbo zinavyofungamanisha theluji na mitihani. Kwa kawaida mwaka wa masomo lazima uwe na angalau siku 170 za wanafunzi kuhudhuria na saa 1,062 za mafundisho. Barabara zikijaa barafu mwezi Januari au Februari, shule hufungwa. Wilaya inaweza kuhesabu baadhi ya siku hizo kuwa za masomo ya nyumbani, kwa kawaida zisizozidi 10 kwa mwaka, na zinazobaki hufidiwa mwishoni mwa kalenda. Sasa, mtihani wa jimbo, yaani Kentucky Summative Assessment, hufanyika ndani ya siku 14 za mwisho za masomo. Siku ya mwisho ikisogea, mtihani nao husogea. Theluji iliyoanguka Februari inaweza kuhamisha mtihani wa Mei, na mzazi aliyekwisha kuomba ruhusa kazini au kununua tiketi ya basi kwenda harusi Ohio anajikuta amepanga safari katikati ya wiki ya mtihani. Kwa hiyo kipimo changu cha kwanza kwa huduma hii ni kimoja tu: tarehe ikibadilika, mzazi asiyesoma Kiingereza anaipata mapema kiasi cha kuweza kufanya jambo?

Kwa kipimo hicho, barua ya Ijumaa inafaulu vizuri. Ni karatasi moja yenye maandishi pande mbili, Kiingereza mbele na Kiswahili nyuma, ambayo huingia nyumbani ndani ya begi la mtoto na pia hutumwa kwa baruapepe. Juu kabisa pana kisanduku cha tarehe za kukumbuka, zikiwa zimepangwa kwa mfuatano, na jambo lililonivutia ni kwamba tarehe iliyobadilika haifutwi kimyakimya: ile ya zamani huachwa ikiwa imekatwa kwa mstari, na mpya huandikwa pembeni kwa herufi nzito. Mtu anayeisoma haraka akiwa jikoni anaona papo hapo kipi kimehama. Chini ya kisanduku kila gredi ina aya yake ya masomo. Katika barua moja ya Aprili, gredi ya saba walikuwa wanamaliza uwiano na asilimia na kuingia uwezekano, gredi ya nane walikuwa kwenye kanuni ya Pythagoras, na mwalimu wa hesabu aliongeza maelezo ya kazi ambayo mtoto angeweza kuifanya nyumbani na mzazi bila kuhitaji kompyuta. Mwisho wa barua pana sehemu ya vitu vya kusaini, kila kimoja na siku ya kurudishwa.

Kiswahili cha barua hiyo kimeandikwa na mtu, tena mtu anayekijua. Mratibu wa familia wa shule, ambaye mwenyewe alikulia Kivu, huitafsiri kila Alhamisi baada ya walimu kumpelekea habari zao, na inasomeka kama barua ya mtu mzima kwa watu wazima, yenye salamu na yenye "tafadhali" mahali inapostahili. Malalamiko niliyoyasikia kwa wazazi wenzangu ni kwamba Kiswahili chake ni sanifu mno kwa waliosoma Kongo, ambako shule huanza kwa Kiswahili na kuendelea kwa Kifaransa, hivyo msomaji mzuri wa Kifaransa anaweza kuhangaika na neno kama "ridhaa" au "tathmini". Malalamiko hayo yana ukweli, na mratibu amepata dawa ambayo sijaiona ikitajwa kwenye mwongozo wowote wa shule: kila Ijumaa jioni huisoma barua nzima kwa sauti, kwa Kiswahili cha kwao, na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Kina mama wasiojua kusoma, ambao huduma nyingine zote zinawasahau, huisikiliza wakiwa kwenye gari la kwenda zamu ya usiku. Ningekuwa na uwezo wa kuagiza jambo moja kwa shule zote zenye wazazi wetu, ningeagiza hili.

Sehemu ya barua iliyoandikwa kwa uangalifu zaidi ni ile ya mitihani ya jimbo. Ilieleza kwa jedwali kwamba watoto wa gredi zote tatu za shule ya kati hufanya kusoma na hesabu, kwamba gredi ya saba huongezewa sayansi, na kwamba gredi ya nane huongezewa maarifa ya jamii na uandishi. Ilisema matokeo hugawanywa katika ngazi nne. Kisha ikaweka sentensi ambayo naamini iliwatuliza wazazi wengi kuliko barua nyingine yote, kwamba jimbo halitumii mtihani huu kumzuia mtoto kupanda gredi. Wazazi waliokulia Tanzania wanaujua mtihani wa darasa la saba kuwa ndio uliofungua au kufunga mlango wa sekondari, na neno "mtihani wa serikali" likitajwa, mwanga wa taa huzimwa usiku wa manane na mtoto anaambiwa ama zake ama za mtihani. Hapa sheria ya shirikisho ya mwaka 2015 inataka kusoma na hesabu vipimwe kila mwaka kuanzia gredi ya tatu hadi ya nane, hasa ili shule zenyewe zipimwe. Barua haikuwaambia wazazi wapuuze. Iliwaambia walale mapema, mtoto ale asubuhi, na simu isiingie chumba cha mtihani.

Ilieleza pia tofauti kati ya mtihani huo na ule wa lugha, ACCESS, ambao watoto wanaojifunza Kiingereza hufanya mapema zaidi, mwanzoni mwa mwaka wa kalenda, na ambao hupima kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika kwa kipimo cha moja hadi sita. Karatasi ya matokeo ya ACCESS hufika nyumbani wakati wazazi wanasikia habari za mtihani wa jimbo, na wengi huyachanganya. Nimemwona mzee mmoja akimpongeza mjukuu wake kwa kufaulu mtihani ambao ulikuwa bado haujafanyika.

Kuhusu kubadilishwa kwa saa, barua ilitoa tangazo lake Ijumaa iliyotangulia Jumapili ya pili ya Machi, siku ambayo Wamarekani husogeza saa zao mbele kwa saa moja usiku wa manane. Kwa watu wa ikweta hili bado ni kituko, na tangazo lilifanya vyema kueleza matokeo badala ya kanuni: kwamba kuanzia Jumatatu jua litachomoza karibu saa mbili asubuhi, kwamba watoto watasubiri basi gizani kwa wiki kadhaa, na kwamba ni vizuri wavae kitu chenye rangi inayong'aa. Hapo hapo pana namba ya ofisi ya usafiri.

Programu ya simu ni habari nyingine. Sitaitaja jina, kwa kuwa wilaya za shule hutumia programu nyingi za aina hii na huenda tatizo liko katika jinsi wilaya yetu ilivyoipanga kuliko katika programu yenyewe. Kwa upande wa kasi haina mpinzani. Asubuhi ya baridi mwezi Machi, saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri, arifa ilikwisha kuingia kwamba mabasi yote yatachelewa kwa saa mbili kwa sababu ya barafu, na mzazi aliyekuwa anavaa viatu vya kazini akapata muda wa kumpigia jirani. Barua ya Ijumaa haiwezi kufanya hivyo. Programu pia inaonyesha mahudhurio ya mtoto siku ile ile, na mwalimu akimwandikia mzazi, mzazi anajibu kwa Kiswahili na mwalimu anasoma kwa Kiingereza.

Tatizo ni kwamba tafsiri ya programu inafanywa na mashine, na mashine hiyo haijui saa zetu. Shule ilipotangaza siku ya nusu, wanafunzi wote kutoka madarasani saa tano na nusu asubuhi, programu iliandika kwa Kiswahili "wanafunzi wataondoka saa 11:30", basi. Msomaji wa Kiswahili, awe wa Kigoma au wa Uvira, anaposoma hivyo anaelewa saa kumi na moja na nusu, na kwa kuwa ni habari ya watoto kutoka shule, jioni ndiyo inayoingia akilini. Tofauti ni saa sita kamili. Siku hiyo ofisi ya shule ilijaa watoto waliokuwa wakiwasubiri wazazi, na katibu aliniambia kwa mshangao kwamba karibu wote walikuwa wa lugha moja. Barua ya Ijumaa inaandika "saa tano na nusu asubuhi" na kuweka kando yake mshale na tarakimu kama zinavyosomeka kwenye saa ya ukutani ya Mmarekani. Kazi hiyo inachukua sekunde chache. Nimemwandikia msimamizi wa mawasiliano wa wilaya kupendekeza kwamba kila tangazo lenye saa liandikwe kwa Kiingereza kwa namna ambayo mashine haitaweza kuipotosha, kwa mfano "kabla ya chakula cha mchana", na amejibu kwa adabu kwamba wazo limepokelewa. Majibu ya namna hiyo tunayajua.

Kasoro ya pili ya programu ni wingi. Katika wiki za Mei, simu yangu ilipokea arifa za mauzo ya keki, za picha za kumbukumbu, za klabu ya roboti ambayo hakuna mwanangu aliye mwanachama, za shukrani kwa walimu, na katikati ya hizo, kama sindano ndani ya gunia la mahindi, arifa moja iliyosema mtihani wa sayansi wa gredi ya saba umesogezwa siku mbili mbele. Mzazi mwenye watoto watatu katika shule mbili anapokea mara tatu ya hayo. Wengi hufanya jambo la kawaida la binadamu, yaani wanazima sauti ya programu, na hapo ndipo ile faida ya kasi niliyoisifu inapopotea. Upo uwezekano wa kuchagua aina za arifa, lakini ukurasa wake wa mipangilio uko kwa Kiingereza hata baada ya kuchagua Kiswahili.

Ingekuwa rahisi kusema basi programu iachwe na tubaki na barua. Hilo haliwezekani, na sababu yake iko katika sheria mbili ambazo Kentucky ilizipitisha mwaka 2025. Moja inazitaka wilaya zote ziwe na sera ya kuzuia matumizi ya simu za wanafunzi wakati wa mafundisho. Zamani mwanangu angenitumia ujumbe mfupi saa sita mchana kwamba mazoezi yameahirishwa. Sasa simu yake imo kwenye kabati mpaka kengele ya mwisho, na taarifa hiyo lazima itoke shuleni. Ya pili inataka mawasiliano ya kielektroniki kati ya wafanyakazi wa shule na wanafunzi yapitie mfumo uliochaguliwa na bodi ya shule, ambao unahifadhi kumbukumbu na ambao mzazi anaweza kuukagua. Kocha wa riadha, ambaye kabla ya hapo alikuwa na kundi lake la ujumbe mfupi na watoto, alilazimika kuhamia kwenye programu. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote, kwani mtu mzima asiyekuwa mzazi hana sababu ya kuwa na mazungumzo ya siri na mtoto wa miaka kumi na tatu. Ila matokeo yake ni kwamba msimu wa riadha, ambao ratiba yake hutegemea mvua na hubadilika hata saa mbili kabla ya mashindano, sasa unaishi ndani ya programu peke yake. Fomu ya uchunguzi wa afya ambayo mtoto lazima awe nayo kabla ya kukimbia ilitangazwa humo humo, na Kiswahili chake kilimfanya mama mmoja jirani yangu aamini kwamba mtoto wake anatuhumiwa kuwa mgonjwa.

Simu za sauti iliyorekodiwa hazihitaji maneno mengi. Huja kwa Kiingereza na Kihispania, huisha kabla hujatafuta kalamu, na ukipiga tena ile namba hakuna anayepokea.

Kikao cha mzazi na walimu cha machipuko, kwa upande mwingine, kilinishangaza kwa uzuri. Mwaliko ulikuja ndani ya barua ya Ijumaa ukiwa na visanduku vitatu vya kuweka alama: muda unaokufaa, kama utakuja mwenyewe au kwa simu, na kama unahitaji mkalimani na wa lugha gani. Niliweka alama ya mkalimani ingawa Kiingereza changu kinanitosha, kwa sababu nilitaka kuona shule inafanyaje kwa mtu ambaye hana chaguo jingine. Mwalimu wa sayansi alipiga namba ya huduma ya ukalimani, akaweka simu mezani kwa sauti kubwa, na ndani ya muda mfupi sauti ya mwanamke ikatusalimia, "Shikamoo mzazi, nitakuwa mkalimani wenu." Kwa jinsi alivyoniambia baadaye, hakuwa hata katika jimbo letu. Alitafsiri kila sentensi, hata mzaha wa mwalimu kuhusu panya wa maabara, na mwalimu alipotumia kifupisho alimsimamisha amweleze kirefu chake kabla ya kunifikishia. Mwalimu naye alikuwa amefundishwa vizuri: alinitazama mimi usoni na si ile simu, akasema kwa vipande vifupi, na hakumwomba mwanangu atafsiri. Jambo hilo la mwisho ni kubwa. Mtoto anayetafsiri ripoti yake mwenyewe ana kishawishi ambacho hata mtakatifu angekihisi, na hata akiwa mkweli, si haki kumbebesha mzazi wake mabegani.

Upungufu wa kikao ni muda. Dakika kumi na tano zikigawanywa kati ya lugha mbili hubaki saba, na hakuna aliyefikiria kuwapa wazazi wenye mkalimani nafasi mbili mfululizo. Mzazi anayejua hili mapema anaweza kuomba, na shule ya kwetu ilipoombwa na familia moja ilikubali bila mabishano.

Mahali huduma nzima inapoyumba ni habari za mwanafunzi wa gredi ya nane anayekwenda sekondari. Kentucky inataka mwanafunzi apate angalau krediti 22, yaani hesabu ya masomo aliyoyafaulu, ili kuhitimu gredi ya kumi na mbili, na kuchagua masomo ya gredi ya tisa ndiko kunakoanzisha hesabu hiyo. Uchaguzi wa hesabu anayoanza nayo, lugha ya kigeni, au njia ya ufundi kama uuguzi na uchomeleaji unafungua baadhi ya milango na kufanya mingine iwe migumu. Mpango binafsi wa masomo wa mtoto huanza kuandikwa gredi ya sita, kwa hiyo shule imekuwa na miaka ya kujiandaa kwa mazungumzo haya na wazazi. Hata hivyo, katika barua ya Machi jambo hili lilipewa mistari miwili na kiungo cha kwenda kwenye tovuti ya sekondari, ambako kitabu cha maelezo ya masomo kimo kwa Kiingereza tu. Jioni ya kuwatembeza wazazi sekondarini ilitangazwa kwenye programu siku nne kabla, ikiwa imezungukwa na keki na picha za kumbukumbu. Tulikwenda, wazazi wanaozungumza Kiswahili tulikuwa wachache mno kulingana na idadi ya watoto wetu ninaowaona kituoni kila asubuhi. Matokeo ya upungufu huu hayaonekani Mei. Huonekana mtoto anapofika gredi ya kumi na moja na kuambiwa kwamba somo alilolihitaji lilipaswa kuanza mapema. Kwa uzito wa jambo lenyewe, lilistahili barua yake peke yake na sauti yake peke yake kwenye WhatsApp.

Baadhi ya wazazi huniuliza kama si ulafi kudai haya yote kwa lugha yetu katika nchi ya watu, hasa tangu Rais alipotia saini amri nambari 14224 ya tarehe 1 Machi 2025 inayotangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi ya Marekani na kufuta amri ya mwaka 2000 iliyohusu huduma kwa wasiokijua vizuri. Amri hiyo haikufuta sheria za Bunge. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, ambayo inakataza ubaguzi wa asili ya taifa katika taasisi zinazopokea fedha za shirikisho, bado ipo, na ile ya 1974 kuhusu fursa sawa za elimu bado ipo. Mwaka huo huo wa 1974 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyoanzia kwa wanafunzi wa Kichina huko San Francisco, iliamua kwamba kumpa mtoto asiyejua Kiingereza vitabu na walimu sawa na wengine, bila msaada wowote wa lugha, si kumtendea sawa. Shule yetu haijawahi kumnyima mtu mkalimani, na sioni dalili kwamba inakusudia.

Nikipewa nyota tano za kugawa, barua ya Ijumaa pamoja na sauti ya mratibu naipa nne na nusu, ile nusu ikibaki mpaka habari za sekondari zitakapopewa nafasi yake. Kikao chenye mkalimani nakipa nne. Programu naipa mbili, na zote mbili ni za kasi. Simu za kurekodiwa nazipa nusu nyota kwa kuwa angalau Kihispania kimo. Wasiwasi wangu mkubwa kuhusu mfumo mzima ni kwamba ubora wake unakaa kwa mtu mmoja. Mratibu akiugua wiki ya mtihani, barua inatoka kwa Kiingereza peke yake, jambo ambalo lilikwisha kutokea, na wilaya haina orodha ya mtu wa kushika nafasi yake.

Kwa mzazi anayeandikisha mtoto Agosti hii, fomu za kuandikisha zina maswali ya lugha ambayo mara nyingi hujazwa kwa haraka. La lugha inayozungumzwa nyumbani linahusu mtoto na mtihani wa Kiingereza. La lugha unayotaka shule iwasiliane nawe linakuhusu wewe, na ndilo linaloamua barua gani inaingia kwenye begi. Wapo wanaoandika Kiingereza kwenye yote mawili kwa kuogopa kwamba mtoto atawekwa darasa la chini, kisha wanashangaa kwa nini hawapati barua ya Kiswahili. Jibu la mawasiliano linaweza kubadilishwa ofisini siku yoyote ya mwaka kwa kumwambia katibu, na kwenye programu lugha hubadilishwa kwa kubonyeza picha ndogo ya uso iliyo kona ya juu. Ukiwa hapo, zima arifa za mauzo na uache za ratiba, na namba ya ofisi ya usafiri uiandike kwenye karatasi, kwa sababu saa kumi na mbili asubuhi barabara ikiwa na barafu hutakuwa na muda wa kuitafuta.